Fundi Modeli na Peni Yake

Ruphin, fundi cherehani wa mtaa wa Bellevue, hakupewa jina la Modeli kwa sababu ya umbo lake. Kila alikokwenda, tumbo lake ndilo lililotangulia kufika. Jina hilo lilitokana na sarafu. Alipokuwa akifumua bitana ya koti la mtumba, ilimdondokea peni ndogo yenye kitovu cheupe na ukingo wa shaba, kichwa cha malkia wa Kiingereza, na neno MODEL. Ruphin hakuhitaji kamusi. Katika ushonaji, modeli ni nguo ya kwanza, ambayo nyingine zote hukatwa kwa kuifuata. Basi hii ilikuwa mama wa peni zote za Uingereza.

Kanisa lake la Wakongomani waliohamia mtaani hapo lilizipokea habari hizo kwa imani kubwa kuliko mahubiri. Ruphin alipoitoa sarafu kwa kanisa, kamati ya jubilei, chini ya mwenyekiti wake Papa François, maana kwao kila baba huitwa Papa, ilinunua kabati la kioo, ikateua mlinzi wa kabati, kisha msimamizi wa mlinzi. Ruphin, aliyezoea kukaa karibu na mlango, aliwekewa mbele kiti chenye mto. Mkewe, Mamie, alianza kusalimia watu kwa ncha za vidole.

Kamati ikataka maelezo ya kubandika kwenye kioo, chini yake jina la Ruphin. Kwa ajili hiyo aliazimwa sarafu kutoka kabatini, akapanda basi nayo hadi Braamfontein, kwa Yasmin, Mtanzania aliyeuza sarafu za kale. Yasmin aliigeuza chini ya lenzi, akatabasamu.

"Kaka yangu, hii haijawahi kuwa pesa. Zamani za Malkia Victoria, fundi mmoja wa Birmingham alitaka kuonyesha kwamba peni inaweza kuwa ndogo na nyepesi, ikitiwa madini meupe katikati. Watu wakazipenda, serikali ikazikana. Ni sampuli tu."

"Lakini si ndiyo ya kwanza?"

"Ya kwanza kati ya ngapi? Ninazo kopo zima pale."

Njiani Ruphin alikiwaza kile kiti. Akinyamaza, nani angejua? Lakini uongo ungebandikwa kwa jina lake, na watoto wangeusoma. Alasiri hiyo akaieleza kamati yote aliyoambiwa.

Papa François alimtazama kwa huruma. "Papa Modeli, huyo mama anataka umuuzie bure. Ulimwonyesha kwamba una njaa?"

"Hapana, Papa. Yeye anazo kopo zima."

"Eish! Kopo zima la mama wa peni? Basi huyo ni mwizi!"

Kamati ikacheka, kisha ikapiga kura: sarafu ibaki, Ruphin aondoke. Kiti akapewa msimamizi wa mlinzi.

Ruphin alipofika mlangoni, Papa François alimwita. "Na ile suruali yangu ya jubilei?"

"Imebaki pindo, Papa."

"Ulifanye vizuri, eh. Mimi ndiye nitakayesoma maelezo mbele ya watu."

Ruphin akarudi chumbani kwake. Aliilaza suruali mezani, akapima mguu mmoja, akaulinganisha na wa pili, akashona pindo kwa mkono, polepole, uzi usionekane kwa nje. Akakata uzi, akapiga pasi, akaitundika.