Mashine ya Kusemesha Mgongo

Nichekeni, ila msiwaambie wanafunzi wangu.

Mimi ni mwalimu, Mmetodisti wa hapa Kamina, na kwetu dansi ni dhambi. Jumamosi nilicheza rumba ya gramafoni kwenye baa hadi kiuno kikakaza. Nikamwambia mke wangu kwamba nimeumia nikibeba mabenchi ya kanisa. Maskini, akanikanda kwa maji moto, kisha akanipeleka hospitali, akaketi kando ya kitanda.

Muuguzi alinibandika vitambaa vya maji mgongoni, akaviunga kwa nyaya na kisanduku cha umeme.

"Usiogope, mwalimu. Mashini hii itasemesha mugongo yako. Yote ile iko ndani itatoka."

Nilijua Wazungu wana mashine ya kuona mifupa. Kumbe wanayo hata ya kutoa siri!

Akazungusha kitufe. Nyama za kiuno zikaanza kurukaruka zenyewe, kama zinacheza.

"Sasa sema, unasikia nini?"

"Basi! Haikuwa mabenchi!" nikapiga kelele. "Ilikuwa rumba!"

Muuguzi akazima mashine. "Miye nilitaka tu kujua kama inachoma."

Mke wangu akasogeza kiti karibu.

"Baba Ilunga, rumba na nani?"