Risasi Nne Zilizopinduliwa

"Shemeji, hili ganda takataka limekwama tena!" Delmer alivuta mpini wa mashine mpaka meza ikalia. "Risasi za wenzangu zimenyooka. Hizi zina shingo kama chupa ya bia!"

"Ulipaka ganda mafuta?"

"Kidogo."

"Kidogo wapi, kwenye masharubu?" Orval akaling'oa ganda kwa koleo. "Lenye shingo bila mafuta halitoki kwenye mashine. Na midomo usiipanue sana. Shingo fupi hiyo, ikilegea haishiki kitu."

Delmer Haugstad, dereva wa basi la shule pale Idaho, alikuwa mgeni kwenye kazi hii ya kujaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa. Alitaka tu kulenga shabaha Jumamosi na bastola ya marehemu baba yake, na risasi zake madukani hazipatikani. Basi akaja gereji kwa Orval, mume wa dada yake Nadine. Nadine walimzika Septemba.

Mpaka saa sita mchana risasi hamsini zilikuwa zimesimama kwenye kibao, vichwa juu. Kuna kitu Delmer hakukisema. Maganda matatu aliyapanua midomo kupita kiasi, maana vichwa vya risasi vilikuwa vinamwangukia kabla hajavishindilia. Akayachanganya na mengine. Sasa hata yeye asingeyatambua.

Wakaingia jikoni kunywa kahawa. Waliporudi, risasi tatu zilikuwa zimepinduliwa, vitako vyenye fataki juu.

"Shemeji, acha utani."

"Utani gani? Si nilikuwa na wewe?"

Mlango wa nje ulikuwa na komeo kwa ndani. Dirishani theluji ilikuwa safi, hata paka hajapita. Orval akajishika shingo.

"Nadine ndiye aliyekuwa anakagua," akasema polepole. "Asiyoiamini anaipindua. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia fungua tu."

Delmer akasogea mezani. Akachukua moja, akaikandamiza kichwa kwenye ukingo wa meza. Kikazama ndani ya ganda kama kidole kwenye siagi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pia.

"Ungepiga hii, baruti ingebanwa, bastola ikupasukie mkononi," Orval akasema. "Nani aliipanua midomo hivi?"

"Mimi. Niliona aibu kukwambia."

"Mjinga wewe."

"Najua."

Wakageukia kibao. Ya nne ilikuwa imepinduka. Hakuna aliyesikia chochote, na walikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

"Hiyo nimeishindilia mwenyewe," Orval akasema. Akaikandamiza mara tatu. Kichwa hakikusogea. "Unaona? Nzima."

"Basi irudishe."

Orval hakuirudisha. Aliishika muda mrefu, akiisogeza karibu na macho, halafu mbali, halafu karibu tena. Mwisho akaitia kwenye nyundo ya kung'olea vichwa, akagonga. Baruti ikamwagika kwenye sahani ya mizani. Ilikuwa vipimo viwili badala ya kimoja.

Akavua miwani, akaiweka chini.

"Nilichungulia kila moja, Del. Nilichungulia kwa tochi." Kisha, akiiangalia nafasi tupu kando ya mashine, alipozoea kukaa Nadine: "Sawa, mama. Nimesikia."

Akakisukuma kibao kizima kwa Delmer. "Zote zifunguliwe. Na baruti sitii tena mimi. Utatia wewe, nitakuelekeza."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi utawatazama wenzako."

Delmer akakivuta kibao karibu. Walifungua kumi na mbili, kisha simu ya Delmer ikalia. Bomba la maji nyumbani kwa mama yake lilikuwa limeganda. Akavaa koti, akachukua kipasha joto kilichokuwa mlangoni, akatoka bila kukigeukia kibao.