Bunduki ya Mzee Aflah

Mzee Aflah ni baba wa mume wangu. Alizaliwa milimani, akalelewa Unguja kwa ami yake, akarudi Oman kijana. Amestaafu ubawabu wa wizara hapa Maskati. Lakini baba yake alikuwa mkubwa wa kabila, mtu wa vita, na alipoweka silaha chini serikali ilimpa joho na mshahara. Bunduki moja hakuitoa. Mpaka mwaka huu ilikuwa chini ya kitanda cha mkwe wangu, hapa nyumbani Bawshar, imeviringwa kwa kanga yangu kuukuu, haina kibali.

Bunduki ile ilininyima usingizi. Mwanangu Muatasim ni mwanajeshi, naye alikuwa anangoja cheo. Kabla ya cheo mtu huchunguzwa, yeye na nyumba yao. Ingeonekana, basi tena.

Ijumaa moja binti yangu Manal, anayesoma historia chuoni, alikuwa anamhadithia babu yake habari za Warumi.

"Mume wangu, wasikilize hawa," Manal alisema, kwa utani wao wa babu na mjukuu. "Wapiganaji wa mpakani, kwenye mto Rhine. Rumi haikuwatoza kodi. Iliwataka vijana wao wakapigane chini ya bendera yake."

"Na wakubwa wao?"

"Walipewa majina ya Kirumi, wakaamrisha vikosi vya Rumi. Jirani zao wengine walizikwa na panga zao, na pembeni vyombo vya mvinyo vya Kirumi."

"Mvinyo waachie wenyewe. Lakini panga walizikwa nazo?" Akacheka. "Mke wangu, hao ni sisi. Wametutangulia tu."

Nikaona mlango umefunguka. "Baba, nakuomba, ipeleke polisi. Kwa ajili ya Muatasim."

Mzee akasema, "Nitaipeleka. Lakini kama mtu, si kama mwizi."

Asubuhi akavaa jambia na joho, nikamwendesha mpaka kituoni. Bunduki tuliiacha garini. Kwao milimani mgeni hupewa kahawa kwanza, kisha huulizwa habari, ndipo shida yake isikilizwe. Nilipomweleza kuwa tumeleta bunduki, kijana wa mapokezi hakuinua hata kichwa.

"Una silaha? Ilete, iweke pale mezani."

"Hujaniuliza habari," mzee akasema.

"Habari gani, mzee? Watu wanangoja."

Mkwe wangu akageuka, akatoka. Tukarudi na bunduki yetu.

Alhamisi Muatasim akaja likizo, na sare yake mwilini. Babu yake alikuwa amekaa sebuleni, dele la kahawa mbele yake, bunduki mapajani, kanga imeshatolewa. Akammiminia kahawa. Akamwuliza habari za kambi, za njia, za watu, na Muatasim akajibu zote kama alivyofunzwa tangu mdogo. Mzee akaiinua bunduki kwa mikono miwili kumpa.

"Serikali imekuja kwangu, imenywa kahawa yangu. Chukua."

"Babu! Mimi ndiye nisiyetakiwa kuonekana nayo!"

"Basi nani? Yule wa mezani?"

Nilitaka kupiga kelele. Muatasim alinitazama, akamtazama babu yake, akaipokea. Akaenda nayo kituoni kabla ya magharibi, na sare ile ile. Mimi nilibaki na tasbihi, sijui hata nilikuwa nahesabu nini.

Waliichukua. Walimwuliza maswali mengi, na habari ikafika kwa wakubwa wake. Wenzake wakapandishwa, yeye akaachwa. Nilishakata tamaa, ndipo cheo kikaja.

Siku alipoingia na nyota zake mabegani, Mzee Aflah alishika fimbo akasimama.

"Kaa, babu. Mimi ni mjukuu wako."

"Najua wewe ni nani," akasema, na hakukaa mpaka Muatasim alipokaa.

Toka siku hiyo mzee hamtanii Manal, kwa kuwa ni dada wa afisa, wala hamwiti Muatasim kwa jina. Nilimwuliza Manal kama kitabu chake kinasema wazee wale wa mto Rhine walijionaje mbele ya watoto wao waliotumikia Rumi. Akasema hakuna aliyeandika.

Sasa Muatasim huvua sare garini, akavaa kanzu ndipo aingie. Lakini mzee huijua sauti ya gari. Mlango unapofunguliwa, huwa ameshasimama.