Kiu ya Muuza Nyama

Tumemzika muuza nyama wetu wa Gatitu katikati ya Ramadhani, na bado nina hasira. Mtanisamehe, wasomaji wangu, leo siwezi kusema ni kazi ya Mungu kisha nikaenda zangu.

Alikuwa na kisukari tangu ujana. Kila mwezi mtukufu, wenzake wakifunga, yeye alijificha nyuma ya bucha akinywa chai, na aibu ile ilimuuma kuliko sindano. Kisha figo zikachoka. Jamaa wakachanga, akapelekwa India, akarudi na figo na kongosho ya mtu aliyefariki huko. Sukari ikatulia. Aliporudi kazini alinifungulia matumbo ya mbuzi mezani, akanionyesha kongosho, kile kinyama laini kinacholala karibu na utumbo. "Hii mpya wameunganisha na kibofu," alisema. "Maji yake inatoka na mkojo. Daktari anapima hiyo mkojo ajue kama mwili inakataa." Ubaya wake ni kwamba maji mengi ya mwili yalipotea kwa njia hiyo, pamoja na magadi yanayotuliza asidi ya damu. Ilibidi anywe maji kutwa, na dawa ya kurudisha magadi hayo. Upotevu huo ukizidi, madaktari wangemfungua tena wahamishie njia ile kwenye utumbo. Alicheka. "Wewe umeona mbuzi gani ikichinjwa mara mbili?"

Mwezi ulipoandama mwaka huu, alitangaza kwamba atafunga. Imamu alimkataza waziwazi, akamkumbusha kuwa mgonjwa ana ruhusa. Mkewe alimsihi akilia. "Mgonjwa ni nani?" akamjibu. "Sukari imeisha. Sasa nitaambia Mungu niko na sababu gani?" Mtaa mzima ulimsifu. Baada ya siku chache alikuwa akihema kama mtu aliyepanda kilima na gunia la viazi, damu imejaa asidi, na figo ile ya kuombwa ikazima.

Sisi watu wa Nyeri ni hodari wa kuchangia safari ya matibabu. Mtu akirudi tunaimba, tunakata keki, tunatangaza kwamba amepona. Hatuulizi mwili huo mpya umekuja na masharti gani, na yeye huona haya kutukumbusha.

Mkewe aliniambia kwamba alasiri ile ya mwisho dumu la maji lilikuwa kando ya kitanda, limejaa. Kila alipomsogezea kikombe, aligeuza uso na kuuliza, "Jua imezama?" Lilikuwa bado.

Basi ukimwona aliyetoka kubadilishiwa kiungo, usimwambie amepona. Muulize kama amekunywa maji.