Kuku wa Mama Mkwe

Nilipomwambia mke wangu kwamba nataka kulizunguka ghuba letu la ziwa kwa miguu, kutoka nyumbani Obunga hadi Mbita, nivuke kwa feri mpaka Luanda Kotieno, halafu nirudi kwa miguu vilevile, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe?" akasema. "Ulifuga kuku ukawaacha. Ulianza udereva ukaacha. Kwaya uliiacha Krismasi ikiwa mlangoni. Hata mimi siku moja utaniacha njiani."

Yawa! Hiyo ilinichoma. Nilijua hasemi habari za kuku. Nikavaa begi mgongoni, nikaning'iniza sufuria nyuma, nikaapa mbele yake: sipandi gari wala pikipiki. Feri tu, kwa sababu mimi si Petro wa kutembea juu ya maji.

Siku ya kwanza nilitembea nikiimba. Watu waliniuliza, "Baba, gari limekuharibikia wapi?" Wengine waliniuliza wazi kama nimefukuzwa nyumbani. Mama mmoja muuza mahindi alinipa hindi la bure kwa huruma, na mimi nikalila bila aibu. Miguu iliniwaka moto lakini moyo ulikuwa unacheza.

Siku ya pili nikafika Katito, nikashika njia ya kwenda Kendu Bay. Sikwenda mbali. Wanaume walikuwa wamelaza matawi barabarani, na nyuma ya matawi maji matupu.

"Njia imefungwa, Bwana," mmoja akaniambia. "Ziwa limekuja kututembelea. Pitia juu."

Juu! Nusura nikae chini. Huko juu mlimani ndiko kwa mama mkwe wangu.

Kwetu mwanamume haendi ukweni hivihivi. Anaenda amealikwa, amevaa koti, ana watu wa kumsindikiza, na mama mkwe anamheshimu kwa mbali. Mimi nilikuwa peke yangu, nimevaa fulana yenye jasho la siku mbili. Lakini kurudi nyuma ilikuwa ndiyo kuacha. Nikapanda.

Chini maji yalikuwa yanameza barabara, huku juu hata tone la kunywa hakuna. Makorongo yamekula ardhi, udongo mtupu mwekundu, jua linachoma, nikajiona nimeingia jangwani bila pasipoti. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikapanga kupita nyuma ya ua wa mama mkwe nikiwa nimeinama, nipotelee mlimani.

Ningefaulu kama si ile sufuria. Iligonga jiwe, mbwa akabweka, na mama mkwe akatokea na jembe mkononi kumtafuta mwizi. Wuololo! Tulitazamana, kisha kila mmoja akageuza uso haraka.

Nililishwa katika nyumba ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye alicheka mpaka chakula kikampalia. Nilipomaliza, nikasikia pikipiki uani. Mama mkwe alikuwa ameniitia, inipeleke mpaka Homa Bay, maana aliona nachechemea.

Kukataa wema wa mama mkwe ni kumtukana. Kupanda ni kuthibitisha maneno yote ya mke wangu. Nikamwomba shemeji amweleze mama kiapo changu. Akaenda, akaeleza.

Halafu mama mkwe akatoka. Akamwambia mwenye pikipiki arudi zake. Akanisindikiza mwenyewe, yeye upande ule wa njia, mimi upande huu, hatutazamani. Tulipita lango, tukapita kanisa, tukafika mteremkoni. Hapo akaweka chini kuku jike aliyefungwa miguu, akarudi nyuma hatua kadhaa ili nimchukue.

"Mpelekee binti yangu," akasema, akitazama ziwa. "Nasikia wewe unaacha vitu njiani. Huyu mfikishe."

Kumbe alikuwa anajua yote! Nilipata aibu, nikapata na furaha, nikamshukuru, "Ero kamano, Mama," mara tatu.

Basi mimi na kuku tukatembea. Kuku juu ya begi, kichwa nje, ananikaripia nikikosea njia. Usiku alilala miguuni pangu, mahindi tulikula pamoja. Kwenye feri alitaga yai katika sufuria yangu na abiria wakapiga makofi. Mtu mmoja alitaka kumnunua. Nikamjibu kwamba huyu ni mkwe wangu.

Siku ya mwisho, karibu na Kisian, nilimwona mwanamke anakuja kando ya barabara amevaa ndala, leso mabegani. Nilimtambua kwa mwendo. Mke wangu alikuwa ametoka Obunga kwa miguu kunipokea.

Hakunisalimu. Alimtazama kuku, akamgusa kichwa, akatazama viatu vyangu vilivyopasuka. Halafu akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Mama alinipigia simu," akasema. "Akaniambia, huyu hageuki."

Matatu ikapunguza mwendo kando yetu, kondakta akapiga bati. "Town! Mama, Baba, nafasi mbili!"

Nilikuwa nimechoka, sitadanganya. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amekwisha kumpakata kuku.

"Nenda tu," akamwambia kondakta. "Sisi tunatembea."