Mama Vitenge Amelala

Juzi binti yangu alisafiri peke yake kwa mara ya kwanza, kwenda Iringa, na kabla basi halijawashwa injini watu wasiopungua elfu tatu walishajua amekaa siti gani, amevaa nini na anatafuna nini. Alijipiga picha na tiketi. Alijipiga picha na dereva. Siku moja kabla aliniuliza, "Baba, hebu nipe mbinu za mtu kusafiri peke yake." Mimi huyu ninayeongea mpaka redio inajizima, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni huku nikipigana na mbu wa Kariakoo nzima, nilipata mbinu moja tu. Nikamwambia achaji simu. Basi. Halafu nikakaa kwenye ngazi nikamkumbuka Mama Vitenge.

Sisi tulikulia Mchafukoge, kwenye ghorofa la zamani lenye korido ndefu kiasi kwamba ukitoka chumbani asubuhi kwenda chooni unafika umeshaota ndevu. Wewe uliyekulia maghorofa yale unanielewa. Vyumba kumi, bomba moja, choo kimoja. Asubuhi adhana, kisha cherehani za chini zinaanza, kisha muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Harufu ya vitumbua vya chumba cha tatu ilipambana na harufu ya dagaa wa chumba cha saba, na dagaa walishinda kila siku.

Mama Vitenge alikaa chumba cha mwisho, peke yake. Alikuwa mtu wa Rombo, wanawe wawili wako huko kwa bibi yao, na yeye alikuwa na meza ya vitenge Kariakoo. Mzigo ukiisha alipanda basi mpaka Tunduma, mpakani na Zambia, akanunua mwingine, akarudi. Alikwenda peke yake, safari baada ya safari, na nakuambia hakuna jeshi duniani lililojiandaa kama yule mama.

Niliruhusiwa kumwangalia akifunga safari, maana bibi yangu alinituma kwake kila siku na kikombe cha chai ya maziwa. Chini ya gauni alivaa kaptula aliyoishona mwenyewe, yenye mifuko ya siri mingi kuliko madirisha ya Posta. Mkononi alishika pochi iliyopasuka, ndani mna tiketi za zamani za watu wengine na hela ya soda. Hiyo aliiita pochi ya mwizi. "Mwizi naye ametoka kwake asubuhi," alisema. "Asirudi mikono mitupu, atakasirika." Alibeba ndizi za kuchoma na mayai ya kuchemsha, kwa sababu biskuti ya mtu usiyemjua ina dawa, unaamkia Makambako huna hata viatu. Alikaa nyuma ya dereva, dirishani. Jirani wa siti akiuliza sana, alimjibu kwamba anakwenda kupokewa na kaka yake, askari, tena mwenye hasira.

Kubwa kuliko yote, hakumwambia mtu kwamba anasafiri. Pale mtaani ukijulikana hupo, unarudi unakuta wamebeba mpaka kitasa. Alimwambia mwenzake wa meza ya jirani sokoni kwamba anaumwa, atapumzika nyumbani. Na nyumbani aliniacha mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwa nini mimi? Nilimuuliza. Akasema, "Wakubwa wana midomo. Wewe nikikupa andazi unanyamaza." Kazi yangu ilikuwa rahisi. Aliacha kandambili zake mlangoni, kama mtu aliye ndani. Kila asubuhi nizigeuze kidogo, leo zielekee ukutani, kesho ngazini, zionekane zimevaliwa. Mtu akiuliza, amelala. Na alinipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne: jina la basi, jina la gesti anayofikia, jina la mfanyabiashara anayemuuzia mzigo.

"Nisiporudi Ijumaa," alisema, "mpe mama yako. Usiifungue."

Niliifungua, ndiyo. Niliona wino wa bluu na mistari miwili chini ya kila jina. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa kaptula ya shule, nikafunga kifungo. Hakuna benki iliyokuwa salama kama mfuko ule.

Aliondoka Jumatatu alfajiri. Nikaanza kazi, na nilifanya kazi, jamani! Jirani wa vitumbua akauliza, "Mama Vitenge yupo?"

"Amelala."

"Saa kumi hii?"

"Kichwa kinamuuma."

Jumanne nikaongeza kwamba amemeza dawa za malaria zile za kulaza tembo. Jumatano kwamba jino limevimba, hawezi kuongea, ameniandikia kwenye karatasi kwamba anawasalimu wote. Yule jirani alisikitika, akanipa vitumbua viwili nimpelekee. Nilivila kwenye ngazi pamoja na chai ya bibi, na vilikuwa vitamu.

Alhamisi ilikuwa siku ya bibi kufua. Bibi yangu hakukagua mifuko ya mtoto, aliamini mtoto hana mali. Alifua kwa sabuni ya mche na kwa nguvu ambayo ingeng'oa rangi ya bendera. Nilipotoka shule nikaikuta kaptula kwenye kamba, bado inatona. Nikafungua kifungo. Ndani mlikuwa na kidonge cha uji, cheupe, laini kama ugali wa mgonjwa. Nilikianika dirishani nikidhani kikikauka maneno yatarudi.

Nikajipa moyo. Kesho anarudi, nani atauliza karatasi? Ijumaa nilikaa ngazini tangu nitoke shule mpaka nikaitwa kula. Jumamosi vilevile. Na kila asubuhi niligeuza kandambili, maana sikujua la kufanya jingine.

Jumapili nikamfuata mama yangu. Mama alikuwa anafanya usafi kwenye ofisi moja ya Posta, na Jumapili ndiyo siku pekee aliyonyoosha miguu.

"Mama, Mama Vitenge hayupo. Amekwenda Tunduma."

"Jana umesema jino."

"Nilidanganya."

"Na leo?"

Hapo ndipo nilipogundua, msomaji wangu, kwamba mimi sina kitu. Mwezi uleule nilikuwa nimeutangazia mtaa mzima kwamba nimeona simba Mnazi Mmoja anakunywa maji bombani, na watoto wa korido walikuwa bado wananifuata wakinguruma. Nikamwonyesha mama kile kidonge cha karatasi. Akakishika, akakinusa, akakitupa.

"Nenda kacheze," akasema. "Na uache kumsumbua mgonjwa wa watu, atapona lini?"

Nililia mpaka ndoo mbili zikajaa, lakini hata kilio changu walishakizoea. Nikagonga mlango wa Mama Vitenge, kwa ngumi, ili watu wakasirike watoke waone hakuna anayefungua. Wakatoka. Wakakasirika. Wakanivuta sikio kwa kumwamsha mama wa watu mwenye jino.

Siku ya kumi na moja akaja yule mwenzake wa meza ya jirani, na mfuko wa machungwa. "Nimekuja kumwona mgonjwa," akamwambia mama.

"Yumo, amelala," mama akasema. "Lile jino."

"Jino? Mimi aliniambia tumbo."

Wakatazamana. Wakatazama kandambili. Wakanitazama mimi.

Mjumbe wa nyumba kumi aliletwa, kitasa kikavunjwa. Ndani kitanda kimetandikwa, kikombe cha bibi yangu kimeoshwa kimefunikwa, na juu ya redio vumbi la kuandikia jina. Hakuna aliyenipiga. Ningeshukuru wangenipiga. Mama alikaa kitandani akasema tu, "Alisema. Mtoto alisema."

Mwenzake wa sokoni akapeleka habari Rombo, na baada ya siku mbili kaka wa Mama Vitenge akafika, mtu mrefu, mpole, koti mkononi. Alikuwa mkulima wa kahawa, hata askari hakuwa. Wakanikalisha kwenye kigoda katikati ya chumba: mjumbe, mama, bibi, mwenzake wa sokoni na kaka mtu. Nimefanya mitihani maishani, lakini ule sitausahau.

"Kumbuka, baba," kaka mtu akasema. "Gesti inaitwaje?"

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta. Niliona wino wa bluu, niliona mistari miwili, na juu ya mistari hapakuwa na kitu. Bibi yangu alikuwa anafuta viganja kwenye kanga, anajua ni mikono yake iliyofua. Wote walinitazama kwa matumaini, mimi ambaye siku chache nyuma hakuna aliyeniamini hata nikisema jua limetoka. Ningesema sikumbuki. Ndilo jibu lililokuwa la kweli.

"Upendo," nikasema. "Gesti ya Upendo."

Jamani, jina lilitoka tu. Kaka mtu akaliandika kwenye kiganja kwa kalamu, na kesho yake akapanda basi.

Alirudi siku ya sita. Alikuwa ameizunguka Tunduma kwa siku tatu akiulizia Gesti ya Upendo, mpaka akavuka upande wa Zambia. Mjumbe alinikazia macho. Kaka mtu akaniwahi kunitetea. "Mtoto hawezi kusema uongo kwenye jambo kama hili," akasema. "Itakuwa ilifungwa."

Karibu mwezi ulitimia ndipo Mama Vitenge aliporudi mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuja juu ya mkokoteni, amekaa kama gunia la mchele, mguu mmoja kwenye plasta umenyooka mbele, na msukuma mkokoteni anapiga kelele, "Pisha! Pisha mgonjwa!" Akina mama walishuka ngazi wakipiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja.

Nilisimama mlangoni wakati anamsimulia mama yangu. Basi lilianguka mteremkoni kabla ya kufika Mbeya. Yeye akaokotwa hajitambui, na pochi mkononi, ile ya mwizi, yenye tiketi za watu wengine. Kaptula yenye hela na kitambulisho chake ilikatwa kwa mkasi ikatupwa ikiwa imelowa damu. Akalala wiki nzima bila jina. Alipoanza kuongea wauguzi walimuuliza wamtafute nani.

"Nikawaambia msihangaike," alisema. "Watu wangu wana karatasi. Wakifika gesti wataambiwa basi limeanguka, wataambiwa hospitali ni ipi. Kila saa ya kuona wagonjwa, dada, nilichana nywele. Nikaomba waniinue, waniwekee mto."

Mama akasema taratibu, "Karatasi ilifuliwa, dada. Ilikuwa mfukoni mwa huyu."

Mama Vitenge akageuka. Nikasogea, nikaweka shavu tayari.

"Kandambili uligeuza?"

"Kila siku."

"Ahsante, mwanangu," akasema, na alimaanisha. Akaomba maji ya kunywa.

Hakusafiri tena. Mguu haukurudi sawa, na meza ya sokoni ikachukuliwa na mwingine. Alikaa ndani miezi michache, mlango wazi, akisikiliza redio, na mimi nikampelekea chai. Hakuwahi kunituma kitu kingine.

Ghorofa lile sasa halipo. Nilipita mwaka jana nikakuta jengo la vioo, chini wanauza makava ya simu, na mlinzi akaniuliza natafuta nini. Korido imekwenda, bomba limekwenda, bibi yangu amekwenda. Mama yangu naye tulishampumzisha. Wengine waliokaa chumbani siku ile ya kigoda sijui hata mmoja alipo, na Mama Vitenge sijui kama yu hai. Watu wa Rombo niliowauliza wameniuliza, "Mama Vitenge yupi?" na mimi sikuwahi kulijua jina lake halisi. Labda lilikuwa kwenye ile karatasi.

Siku Mama Vitenge alipoondoka, kaka yake alikuja na pikapu kumchukua. Mimi nilibeba mto wake mpaka chini. Walimpandisha mbele, mguu ukawa haukunjiki, wakahangaika nao. Kaka mtu alipomaliza kufunga magodoro kwa kamba alikuja nilipokuwa, akaniwekea mkono kichwani.

"Wewe ni kijana mzuri," akasema. "Angalau wewe ulikumbuka jina."

Nilimtazama usoni. Nilikuwa na neno mdomoni, zima kabisa, limebaki kutoka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akasema, akapanda gari, wakaondoka.