Mheshimiwa aliua mswada matangani, ukapita bungeni

Wakuu, salamu zenu. Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Lakini leo nimekasirika. Nitasema vile ilikuwa, chumvi nimeacha jikoni.

Jina la mji sitaji, bado nataka kuuza huko. Jueni tu ni kando ya ziwa, hizi side za Homa Bay na Migori.

Mimi hukaanga samaki, pale pale boti zinapofika. Samaki inatoka majini, inaingia kwa karai, mteja anakula ikiwa moto. Watoto wangu wote wamesomeshwa na hiyo karai.

Sasa redio ikatangaza kuna mswada kwa bunge la kaunti. Ukipita, hakuna kuuza chakula kando ya maji, wote tuhamie soko mpya huko juu kwa barabara. Lakini kabla wapige kura, kamati ya MCA, wale wajumbe wa bunge la kaunti, itakuja social hall Alhamisi kusikiza wananchi. Public participation. Iko kwa katiba.

Nikaambia wenzangu twende.

Chairlady wetu, Min Otieno, akanicheka. "Nyar Migori, wewe binti wa Migori umeolewa hapa miaka yote na bado hujajua watu." Alhamisi hiyo kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja, na mbunge wetu alikuwa anakuja. "MCA ni nani mbele ya mbunge? Tutamwambia huko huko mbele ya watu, atashindwa kukataa."

Na kwetu hapa ukikosa matanga, utaongelewa mpaka uzikwe wewe. So tukaenda. Kila mtu.

Min Otieno akapewa mic, akalia mambo ya soko. Mheshimiwa akasimama, akatoa kofia. "Huo mswada nimeuua leo. Wamama wangu, kaeni na amani." Vigelegele vikapigwa mpaka pastor akaomba watu wakumbuke kuna marehemu.

Mnaona hapo? Mswada ulikuwa wa kaunti. Wanaoupigia kura ni MCA, halafu gavana anaweka sahihi. Mbunge hukaa Nairobi, Bunge la Taifa. Huko kwa kaunti hana kura hata moja. Hii kitu redio imetufundisha tangu kaunti zianze, lakini mtu akishika mic tunasahau yote.

Mswada ukapita.

Askari wa kaunti walikuja asubuhi na lori. Karai yangu ilibebwa mafuta yakiwa bado moto. Nikampigia MCA wetu nikiwa nalia. Akaniambia, "Mama, tulikaa kwa ile hall mpaka saa nane. Alikuja yule wa kukodisha viti peke yake. Ningepinga niseme nimetumwa na nani?"

Hilo swali liliniuma kuliko askari.

Tukaenda ofisi ya mheshimiwa. Akatoka na chai mkononi. "Wamama, mambo ya soko yaligatuliwa. Mimi ni wa Bunge la Taifa, siwezi kuingilia kaunti. Muoneni MCA wenu."

Wakuu, huyu mtu alijua. Alijua akiwa ameshika hiyo mic, na akaacha tupige vigelegele.

Huko soko mpya samaki inafika imepoa na mteja hapandi hiyo mlima. Binti yangu ako nyumbani tangu wiki jana, shule imemrudisha kwa sababu ya karo. Min Otieno amerudi kwao kulima.

Nilichojifunza ni hiki. Uliza kwanza hiyo sheria inatengenezewa bunge gani, halafu uende huko, hata kama kuna matanga ya ndugu yako. Marehemu atakusamehe. Sasa tunaandika petition kwa bunge la kaunti. Mwenye ameshawahi kufanya hiyo kitu anisaidie, sina aibu ya kuuliza.

Na wewe unayetaka kuniambia wamama wa samaki ni wajinga, andika hapa chini jina la MCA wako bila kugoogle. Nangoja.